Wale Wasioitwa Kutoa Ushuhuda

Tanzania mtu akitaka kujua wewe ni Mkristo wa wapi hakuulizi unaamini nini. Anakuuliza, "Unasali wapi?" Swali hilo linaulizwa saluni, kwenye daladala, hata na mama mkwe mtarajiwa, na jibu lake ni la mahali: usharika fulani wa KKKT, parokia fulani, au lile kanisa la turubai nyuma ya stendi. Kwa busara yake, lugha yetu imeifanya sala kuwa anwani ya Mkristo. Lakini ukisikiliza vizuri utagundua kwamba neno lenyewe linahama. Wazee walisali, watoto wao wanaomba. Wanakwenda kwenye maombi, wana kundi la maombi la WhatsApp, wamo kwenye mfungo wa maombi wa siku 21. Sisemi kuomba ni kosa, kwani Yesu aliwafundisha wanafunzi wake kuomba, tena bila kuona haya. Ila mtu anaweza kusali saa nzima asiombe kitu, na hawezi kuomba bila kuwa na kinachoombwa. Kikishatajwa kinaanza kungojwa, na kikingojwa sana kinapangiwa tarehe.

Hiyo tarehe ndiyo inayonishughulisha. Kila mkesha wa mwaka mpya makanisa mengi ya mijini hupandisha bango jipya: Mwaka wa Kuvuka, Mwaka wa Kurejeshewa, Mwaka wa Milango Kufunguka. Ifikapo Oktoba jua limeshaila rangi nyekundu, kamba ya kona moja imekatika na bango linapigapiga ukuta wakati wa mahubiri. Desemba linashushwa kimyakimya, na usiku wa tarehe 31 linapanda jingine. Sijasikia kanisa lililoketi kuuliza lile la zamani liliishia wapi, nani alivuka na nani bado yuko ng'ambo ile ile. Naona kwamba kati ya maombi, imani na tumaini, Wakristo wa Afrika Mashariki tuna maombi ya kutosha, tuna maneno ya imani hadi ya kumwaga, na tumaini ndilo lililotuponyoka. Mahali pake tumeweka tarajio lenye tarehe. Na tumaini likitoka, yale mawili hayabaki kama yalivyokuwa: maombi yanageuka madai, imani inageuka bidii ya kumsukuma Mungu afike kabla ya muda kuisha.

Tazama neno imani lenyewe. Mwenye nyumba akitupa vyombo vya mpangaji nje mvua inanyesha, majirani husema, "Yule baba hana imani." Hawana maana kwamba haamini Mungu; yawezekana kabisa ni mzee wa kanisa na anakusanya sadaka kila Jumapili. Wanasema hana huruma. Kiswahili kimeyafunga pamoja mambo ambayo mimbari imeyatenganisha, yaani kuamini na kuwa mwema kwa mtu. Tena neno hilo ni ndugu wa amani na amana, kwa kuwa yote matatu yametoka kwenye shina moja la Kiarabu. Amana ni kitu unachokiweka mikononi mwa mtu unayemwamini, na ukishakiweka huendi kila asubuhi kuchungulia kama bado kipo. Sasa linganisha na imani inayohubiriwa kwenye spika siku hizi: "Pokea kwa imani!" Imani hapo ni uwezo wa kupokea, kama ndoo ilivyo na uwezo wa kubeba maji, na asiyepokea ndoo yake ina tundu. Mgonjwa asiyepona anarudi nyumbani na magonjwa mawili, lile alilokwenda nalo na lile la kuambiwa hana imani.

Wanaohubiri hivyo hupenda sana sura ya 11 ya Waraka kwa Waebrania, na wana haki ya kuipenda, maana ni orodha ya mashujaa. Kuna Nuhu na safina, Ibrahimu na safari yake, kuna Gideoni, Samsoni na Daudi, kuna walioshinda milki za wafalme, waliofunga vinywa vya simba, waliozima nguvu za moto, waliookoka makali ya upanga. Mahubiri mengi hufika hapo, kinanda kikapandishwa, na ibada ikaingia kwenye maombezi. Sura yenyewe haijaishia hapo. Katikati ya mstari wa 35, bila hata kuanza sentensi kwa kishindo, mwandishi anageuka na kuanza kuwasimulia wengine: walioteswa, waliopigwa mawe, waliokatwa kwa msumeno, waliouawa kwa upanga, waliozunguka wamevaa ngozi za kondoo na za mbuzi, wakalala mapangoni. Upanga umetajwa mara mbili, mistari miwili tu baina yake. Wa kwanza watu waliuokoka kwa imani, wa pili ukawaua watu wenye imani ile ile. Mwandishi hatafuti sababu ya tofauti hiyo wala hasemi kundi la pili lilikuwa na dhambi iliyojificha. Anasema wote walishuhudiwa kwa imani yao, na wote, hata washindi, hawakuipata ile ahadi wakiwa hai. Kwa kipimo cha bango la Januari, sura nzima ni sura ya walioshindwa.

Gharama ya kuishia mstari wa 34 tumeilipa, na hesabu yake inajulikana. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kwa shilingi 500. Kikombe kilikuwa cha bei rahisi na yule mzee hakuishi kifahari, kwa hiyo simweki kapu moja na matapeli. Hata hivyo wapo wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao, wakaacha dozi, na baadhi yao wakafia kwenye foleni iliyonyooka kilometa nyingi porini. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika uwanja mmoja mjini Moshi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Waliokufa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliofika kwenye maombi na kuambiwa kwamba baraka ipo pale, hatua chache mbele, na anayechelewa anaikosa. Kilichoua pale ni haraka. Moshi ni mji ule ule ambao Wakristo, kupitia Shirika la Msamaria Mwema, walianzisha hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, na hadi leo inatibu na kufundisha madaktari. Mji mmoja una namna mbili za kungoja, moja ya matofali na miaka, nyingine ya kukimbia.

Halafu kuna Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, Kenya, ya watu walioshawishiwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kwa haraka mtu angesema Shakahola ni kinyume cha mafuta ya upako: huku watu wanataka kila kitu hapa duniani, kule hawataki chochote. Mapokeo ya Kikristo yanaona karibu zaidi. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba tumaini lina adui wawili, kukata tamaa na kujihakikishia kupita kiasi, na mwanafalsafa Mjerumani Josef Pieper alilifafanua jambo hilo vizuri katika karne iliyopita. Aliyekata tamaa na aliyejihakikishia wanafanana kwa kitu kimoja: wote wameshaujua mwisho. Mmoja anasema hakuna kitakachokuja, mwingine anasema kimeshakuja, kipokee. Hakuna kati yao aliye safarini. Mwenye tumaini peke yake ndiye bado anatembea, na anayetembea anahitaji chakula, maji, wenzake na usingizi. Kumnyima mtoto uji kwa jina la mbinguni hakuwezi kuitwa kutumaini mbingu, kwa kuwa aliyefanya hivyo amechoka kuingoja.

Msomaji asiye wa dini atauliza kama maombi yenyewe yanafanya kazi, na swali hilo lina jibu la kitakwimu ambalo wahubiri hawalipendi na ambalo, kwa maoni yangu, wangelitangaza madhabahuni. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali sita za Marekani kwa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo. Waombaji walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya ukoo wake, wakamwombea kwa siku 14 kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji. Kati ya walioombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa, asilimia 52 walipata matatizo baada ya upasuaji. Kati ya wasioombewa, asilimia 51. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walifanya vibaya kidogo, asilimia 59. Wako waliocheka. Mimi naona utafiti ule ulipima kitu halali kabisa, yaani maombi kama dozi, yakitolewa na mtu asiyemjua mgonjwa, kwa herufi moja ya jina, ndani ya muda uliopangwa. Maombi ya namna hiyo hayana nguvu ya dozi, na Biblia haikuwahi kudai yanayo. Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe mwilini mwake na haukutolewa. Gethsemane kikombe hakikuondolewa. Anayetaka kujenga maisha juu ya maombi kama dawa amejenga mahali ambapo msingi wa Ukristo haupo, na watafiti wale wamemsaidia tu kupaona.

Kama si dozi, ni nini? Jibu ninaloliona la maana ni la Mwafrika wa kale, Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria. Karibu mwaka 420 aliandika kijitabu kwa mtu aliyeitwa Laurentius, aliyetaka maelezo mafupi ya dini yote. Agostino akayapanga chini ya imani, tumaini na upendo, na mpango wake una jambo ambalo ni rahisi kulipita. Imani aliieleza kwa kufuata Kanuni ya Imani. Alipofika kwenye tumaini hakuleta fundisho wala hoja. Alileta Sala ya Bwana. Kwake yeye sala ndiyo umbo la tumaini, kama mtungi ulivyo umbo la maji yaliyomo. Utajua mtu anatumaini nini kwa kusikia anaombaje. Na sala ile, ukiitazama kwa jicho hilo, ina mpangilio wa ajabu. Inaanza na mambo makubwa yasiyo na tarehe, jina litukuzwe, ufalme uje, kisha inateremka mpaka kwenye chakula cha leo. Wakatoliki husema mkate; Biblia ya Union Version ikaweka neno riziki, na kwa kweli hakuna neno la Kiswahili lililo tayari zaidi kwa kazi hiyo, maana riziki kila mtu anajua hutafutwa kwa jasho na bado hupatikana kwa majaliwa. Linaloombwa kwa leo ni dogo, na lile kubwa limeachwa bila siku. Sisi tumeligeuza: kubwa tunalitaka kabla ya Desemba, na riziki ya leo, ya kwetu na ya jirani, tunaipita kama kitu cha watu wa chini. Agostino hakuandika hayo akiwa ameketi raha. Roma ilikuwa imeporwa mwaka 410, na yeye mwenyewe alikufa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali.

Kama mfano huo uko mbali, kuna mlima mmoja mjini Kampala, Namirembe. Mwaka 1929 daktari Mwingereza kijana, Joe Church, aliondoka hospitali ya Gahini, Rwanda, akiwa amechakaa. Njaa kubwa ilikuwa imepiga eneo lile, watu wamekufa, na kazi aliyokwenda kuifanya ilionekana imeshindwa. Akiwa Namirembe alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, na wawili hao wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kusali. Hakukuwa na bango. Kilichofuata kilijulikana baadaye kuwa Uamsho wa Afrika Mashariki, kikatoka Gahini kikaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na kikatuachia neno walokole. Leo mlokole ni mtu anayepiga kelele usiku. Wakati ule alijulikana kwa jambo gumu zaidi, kurudisha alichoiba. Watu walibeba majembe, mablanketi ya hospitali na fedha za karo wakavirudisha kwa wenyewe, wakaungama mbele ya wenzao. Mwafrika na Mzungu walitubu katika duara moja, jambo ambalo koloni halikulizoea. Uamsho ule ulikuwa na makosa yake, ugomvi na majivuno ya waliookoka dhidi ya wasiookoka. Lakini maombi yake yalikuwa na dalili inayoonekana kwa macho: deni lililipwa.

Miaka 48 baadaye watu walikusanyika mlima ule ule. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, alikuwa amewaongoza maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari. Mwili wake haukuletwa Namirembe. Ulipelekwa Mucwini, kwao Kitgum, ukazikwa huko. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kando ya kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka 1885, na Jumapili iliyofuata maelfu walipanda mlima na kulikuta wazi, udongo mwekundu umerundikwa pembeni, hakuna jeneza. Wakasimama pale wakaimba. Kiswahili kina methali ya kikatili kwa saa kama ile, kwamba dua la kuku halimpati mwewe, na kwa hesabu za siku hiyo methali ilikuwa kweli tupu: mwewe alikuwa ikulu, na kuku hawakuwa hata na maiti ya kuzika. Sisi tunajua kwamba Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Wao hawakujua. Ndiyo maana mkusanyiko ule ni ushahidi bora wa tumaini kuliko ushuhuda wowote wa gari jipya, kwa kuwa haukuwa na chochote mkononi.

Kwa walioisoma historia hiyo hata lile pingamizi kongwe linapungua makali. Tangu Karl Marx aifananishe dini na kasumba, wapo wanaoamini kwamba tumaini huwalaza maskini. Lipo tumaini la namna hiyo, wala silitetei. Lakini kama kuna kitu kinachomlaza mtu leo Dar es Salaam au Nairobi, ni tarajio la tarehe na wala si tumaini. Anayeamini kwamba mlango wake utafunguka mwezi huu haanzishi kitu kinachohitaji miaka kumi. Hapandi mnazi, hajengi zahanati, hafuatilii kesi ya ardhi, haketi kwenye kamati ya shule. Maaskofu walioandika barua ile ya 1977 walikuwa macho kabisa.

Pingamizi linaloumiza ni Rwanda. Gahini iko Rwanda. Nchi iliyowasha Uamsho, ambayo watu wake kwa wingi mno walikuwa wamebatizwa, ndiyo ile ya mauaji ya kimbari yaliyoanza Aprili 1994. Katika kanisa la Nyamata watu walikimbilia ndani kwa sababu misukosuko ya miaka ya nyuma ilikuwa imewafundisha kwamba kanisani hakuuliwi. Waliuawa humo. Leo nguo zao zimewekwa juu ya mabenchi, sketi, mashati, vitenge vya watoto, rangi zote zimekuwa moja ya vumbi. Baadhi ya waliowaua walikuwa wamesali nao pale pale. Maombi yalikuwepo, imani ilikuwepo, tena kwa takwimu za kupendeza. Mtu akisema mbele ya mabenchi yale kwamba maisha hujengwa juu ya sala, ana wajibu wa kueleza, na maelezo ya kwamba hawakuwa Wakristo wa kweli ni ya kukwepa. Papa Fransisko hakukwepa. Mwaka 2017 aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji yale.

Jibu langu si kamili, lakini ni hili. Kwa miaka mingi Askofu Mkuu wa Kigali alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya MRND, chama tawala. Kanisa lilikuwa limepata lililoombwa: shule, heshima, kiti mezani. Lilipoulizwa linangoja nini zaidi, halikuwa na jibu tofauti na la serikali. Waumini walibaki na sala, na kila mmoja akabaki na wokovu wake moyoni, lakini lile tumaini pana, kwamba kuna ufalme unaokuja ambao hauna Mhutu wala Mtutsi, lilikuwa limekwisha kuwa wimbo tu. Na pale lilipokuwa bado hai tunajua lilifanya nini. Seminari ndogo ya Buta, Burundi, ilikuwa imewapa vijana wake nafasi ya kuongea wazi juu ya ukabila tangu vita ilipoanza mwaka 1993. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliingia bwenini wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Walikataa. Waliuawa vijana 40. Kwa mizani ya matokeo hawakupata kitu. Maombi yao ya asubuhi ile, kama walipata muda wa kuomba, hayakujibiwa. Wamo kwenye nusu ya pili ya mstari wa 35. Sidai kwamba tumaini lingeizuia 1994. Nadai kwamba pale Buta, kitu pekee kilichowafanya wasihame upande wa bweni ni kile walichokingoja pamoja.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote halitoki kwa wasomi, linatoka wodini. Mama ana mtoto mwenye selimundu, amelazwa mara ya nne mwaka huu. Mwambie habari za Agostino uone. Na kusema haki, ile tarehe haikuanza kanisani. Maisha yake yote yana tarehe: kodi ya nyumba tarehe tano, marejesho ya kikoba Ijumaa, mkopo wa kausha damu kila siku saa kumi jioni kijana anapita na daftari, ada ya shule Januari. Hakuna anayemngojea yeye, kwa hiyo amemweka na Mungu kwenye ratiba ile ile. Kumcheka kwa sababu amekimbilia mafuta ni ukatili wa watu wenye bima ya afya. Ninachosema hakimlengi yeye, kinawalenga wanaojua shida yake na kumwuzia saa. Kwanza, anaruhusiwa kulia. Zaburi ya 88 ni malalamiko karibu yote na inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kujipoza mwishoni, na bado imo kwenye kitabu cha sala. Anayemwambia mama asiseme maneno ya kushindwa, eti atamzuilia mtoto uponyaji, anamnyang'anya sala ambayo Maandiko yenyewe yamempa.

Pili, asingoje peke yake. Miaka ya 1973 na 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikubaliana kwamba Kanisa Katoliki katika ukanda huu lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, na pamoja na uchovu wake wote, michango isiyokwisha na vikao vinavyochelewa kuanza, huo ni uamuzi mmojawapo wa busara zaidi kuwahi kufanywa na viongozi wa dini hapa kwetu. Mara moja kwa wiki, nyumba hadi nyumba, watu kumi na watano wanakaa kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Wanasoma Injili, wanasali, halafu katibu anafungua daftari: nani mgonjwa, nani amefiwa, mfuko una shilingi ngapi, nani atalala hospitali Jumatano ili mama wa selimundu arudi nyumbani kuoga. Hapo imani imerudi kuwa na maana zake zote mbili. Sala ya moyo na daftari la zamu vimekutana, na sioni mahali pengine ambapo tumaini linaweza kushikwa kwa mkono. Walutheri, Wamoravian na Wapentekoste wengi wana ushirika wao wa nyumba kwa nyumba. Jina si hoja.

Kwa makanisa yenye mabango nina ombi moja dogo, lisilo na gharama. Kila ibada ina muda wa ushuhuda. Anaitwa aliyepata kazi, aliyepata viza, aliyepona, aliyepata mtoto baada ya miaka saba. Wote wanastahili kuitwa, na tushangilie. Lakini kwenye benchi la tatu kutoka nyuma kuna dada ambaye naye ameomba miaka saba, hakupata, na Jumapili hii amekuja tena, kama alivyokuja ile iliyopita, akapitia kwanza kwa jirani anayeuguza akamwachia uji kwenye chupa ya chai. Hakuna mtu aliyewahi kumpa maiki. Mchungaji amwite yeye wa kwanza, kabla ya mwenye viza, na mpiga kinanda aondoe mikono kwenye kinanda mpaka amalize.